Mama anaporudi kwa mtoto aliyemtoa: mila ya Mbulu na Hanang, na hukumu za nasabu na malezi



Yapo masuala ya kifamilia ambayo hayatoshi kujibiwa kwa mistari miwili. Moja ni hili: mwanamke amejifungua, akamtoa mtoto kwa watu wengine wamlee, miaka ikapita, kisha mama na mwana wakaonana. Hapo huzuka maswali mengi kwa pamoja. Mama ni nani? Mtoto aitwe kwa jina la nani? Amrithi nani? Aliyemlea ana haki gani? Na kama mama si Muislamu, lakini mtoto amelelewa katika nyumba ya Kiislamu, je, ampokee au amkimbie?

Visiwani kwetu kumpa ndugu mtoto amlee ni jambo la kila siku. Watoto wangapi wamekulia kwa bibi, kwa shangazi au kwa khaloo, na mama zao wapo mtaa wa pili! Kwa kuwa tumelizoea, mara nyingi hatuoni mahali linapogusa sheria. Kwa hiyo tumeona bora kulieleza kwa kuanzia mbali kidogo, katika wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, ambako mtoto kuhama kutoka kwa mama mmoja kwenda kwa mwingine kulikuwa kukimhamisha pia ukoo, lugha na kabila.

Mila ya Wairaqw na Wadatoga

Wilaya hizi mbili zilikuwa katika mkoa wa Arusha hadi mwaka 2002 ulipoundwa mkoa wa Manyara. Mbulu ni nchi ya vilima na baridi, na wenyeji wake wakubwa ni Wairaqw, ambao wengi wetu tunawaita Wambulu. Ni wakulima na wafugaji, na lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, haihusiani kabisa na lugha za Kibantu. Hanang imechukua jina la mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na chini yake ndipo ulipo mji wa Katesh. Huko, pamoja na Wairaqw, wapo Wadatoga, ndio Wabarbaig, wafugaji wa ng'ombe ambao watu wengine huwaita Wamang'ati. Wengi wa wenyeji wa huko ni Wakristo au watu wa mila za asili. Waislamu wapo zaidi katika miji na vituo vya biashara.

Katika mila ya zamani ya Wairaqw, msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa hakuhesabiwa kuwa amefanya kosa la aibu tu. Walimwita doroori, na waliamini kwamba hali yake inaleta hatari kwa watu wote: mvua inaweza kuzuilika, mifugo ikafa, nyumba aliyojifungulia ikaingiwa na mkosi. Kwa hiyo alitakiwa aondoke nyumbani kwa wazazi wake kabla ya kujifungua, aende pembezoni mwa nchi, porini au kwa watu wasiokuwa wa kwao. Adhabu ilimwangukia yeye, na mwanamume aliyempa mimba mara nyingi aliendelea na maisha yake. (Katika hili hatuoni kwamba watu wa Mbulu wamewazidi wengine.)

Sasa, jirani wa karibu alikuwa Mdatoga. Wadatoga nao wana miiko yao mizito ya uzazi na vifo, ambayo wanaiita metida, lakini mtoto wa Mwiraqw aliyezaliwa nje ya ndoa hakuwa mkosi kwao. Kwa mwanamke wa Kidatoga aliyekosa kizazi, au aliyefiwa na watoto, mtoto yule alikuwa ni neema. Basi msichana aliyefukuzwa alipata hifadhi katika boma la Wadatoga, akajifungua huko, na mtoto akabaki. Akapewa jina la Kidatoga, akaingia katika ukoo wa Kidatoga, akachunga ng'ombe wa baba aliyempokea na kuwarithi. Mama aliweza kurejea kwao akiwa mikono mitupu. Watafiti wa Kinorwe, Ole Bjørn Rekdal na Astrid Blystad, wameandika kwa kirefu juu ya miiko hii na juu ya mafungamano ya makabila haya mawili, ambayo kwa upande mwingine yalikuwa yakigombana sana kwa ajili ya ardhi na ng'ombe.

Mila hii imedhoofika. Makanisa, shule, hospitali kama ile ya Haydom iliyoanzishwa miaka ya 1950, na kuhamishiwa watu vijijini katika miaka ya 1970, vyote vilichangia. Lakini watu waliopita katika mlango huo hawakufutika. Wapo waliozaliwa na mama wa Kiiraqw wakakua kama Wadatoga, na wapo akina mama ambao kila wakienda mnadani walikuwa wakijua kwamba kijana yule mwenye fimbo huenda ni wao. Kwao, kukutana tena si lazima kuwe safari ya nchi mbali. Huenda ni kilima kimoja tu, lakini kukivuka kulihitaji ushujaa.

Kabla hatujawahukumu watu wa Mbulu, tukumbuke ya kwetu. Zanzibar ilikuwa na sheria ya mwaka 1985 iliyoweza kumpeleka gerezani mwanamke ambaye hajaolewa akipata mimba. Mwaka 2005 sheria hiyo ilibadilishwa, kifungo kikaondolewa na badala yake zikawekwa kazi za kijamii. Na hata bila ya sheria, wangapi wamepelekwa shamba au kuvushwa bahari kabla tumbo halijaonekana, na mtoto akaandikwa kuwa ni wa dada au wa mama mzazi wa msichana? Hukumu zinazofuata zinatuhusu sisi sawasawa.

Mtoto hana dhambi

Kwanza kabisa, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hana kosa lolote. Qur'ani imeeleza katika Surat Al-An'am aya 164, na katika sehemu nyingine, kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Kumwita mtoto "mwanaharamu" ni tusi, na anayelitumia anachuma dhambi yake mwenyewe. Tuangalie pia mwanamke wa kabila la Ghamid aliyekuja kwa Mtume (SAW) kukiri zinaa naye ni mjamzito. Katika riwaya ya Imamu Muslim imekuja kwamba Mtume alimrudisha mpaka ajifungue, kisha mpaka amwachishe mtoto ziwa. Hata katika jambo zito kama lile, haki ya mtoto ya kunyonya kwa mama yake ilitangulizwa. Anayemnyang'anya binti mtoto mchanga ili kuficha aibu ya ukoo ajiulize anamfuata nani.

Zayd, na kisa cha kurejeshewa jina

Suala la kumlea mtoto wa mwingine na kumfanya wako lilitokea katika nyumba ya Mtume (SAW) mwenyewe, tena likiwa pamoja na kisa cha mzazi kumpata mwanawe aliyepotea.

Zayd bin Haritha alikuwa mtoto wa kabila la Kalb. Mama yake, Su'da bint Tha'laba, alifunga safari naye kwenda kuwazuru jamaa zake, wakashambuliwa njiani na mtoto akachukuliwa. Akauzwa katika soko la Ukadh. Hakim bin Hizam akamnunua kwa ajili ya shangazi yake, Bi. Khadija, naye Bi. Khadija akampa zawadi mumewe, kabla ya utume. Baada ya muda watu wa Kalb waliokuja Makka kuhiji wakamtambua, wakapeleka habari kwa baba yake ambaye alikuwa hana usingizi kwa huzuni. Baba na ami yake wakaja na fedha za kumkomboa. Mtume (SAW) hakutaka fedha. Alisema kijana aachwe achague, akiwachagua wao ni wao bila ya malipo. Zayd akachagua kubaki. Ndipo Mtume akamtoa mbele ya watu karibu na Al-Kaaba, akawashuhudisha kuwa huyu ni mwanawe, na baba yake akaondoka akiwa ameridhika. Tangu hapo akaitwa Zayd bin Muhammad.

Kisha, Madina, zikateremka aya za Surat Al-Ahzab, ya 4 na ya 5, zikabainisha kuwa watoto wa kupanga hawawi watoto wa kweli kwa kutamka kwa mdomo tu, na zikaamrisha waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao basi ni ndugu katika dini. Zayd akarudi kuwa bin Haritha. Mapenzi hayakupungua: alibaki kuwa kipenzi cha Mtume, na alikufa shahidi akiwa amiri wa jeshi katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria. Kilichoondolewa ni jina lisilokuwa lake na hukumu zilizokuwa zikifuata jina hilo. Hapa watu wengi huchanganya. Uislamu haukukataza kulea, bali umekataza kugeuza nasabu. Kulea kwenyewe kunaitwa kafala, na malipo yake kwa mlezi wa yatima ni makubwa mno, kwani Mtume (SAW) ameahidi kuwa naye karibu Peponi kama vidole viwili vilivyo karibu.

Kwa kipimo hiki, boma la Kidatoga lililompokea mtoto aliyetupwa lilifanya wema mkubwa katika kumhifadhi, na lilikosea katika kumfutia asili yake. Na nyumba ya Unguja au Pemba inayomchukua mtoto wa dada na kumwandikisha kuwa amezaliwa na wao, nayo imefanya mambo hayo mawili kwa pamoja.

Aitwe nani?

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, mtoto wa nje ya ndoa anathibiti kwa mama yake na kwa jamaa wa mama. Hathibiti kwa mwanamume aliyezini, hata kama baadaye atamuoa mama. Kwa hiyo mama aliyemtoa mwanawe Mbulu, Katesh au Mkokotoni hajaacha kuwa mama kwa kuwa alimtoa. Umama haukatiki kwa maneno wala kwa karatasi. Mtoto anaweza kunasibishwa na jina la mama yake, na hilo si udhalili: Nabii Isa (AS) ametajwa katika Qur'ani kwa jina la mama yake. Akipewa jina la ukoo la ukumbusho au jina la jumla lisilomdai mtu kuwa ni baba yake, hakuna ubaya. Kinachokatazwa ni "bin fulani" ambaye kila mtu katika nyumba anajua kuwa siye. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sa'd bin Abi Waqqas ina kemeo kali kwa anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake naye anajua.

Upo wasiwasi kwamba kusema kweli kutamuumiza mtoto. Maumivu yapo, lakini yanayomjia mtu akiwa na miaka 25, kwa kusikia kutoka kwa jirani kwenye msiba, ni makubwa zaidi. Aambiwe angali mdogo, kwa maneno ya umri wake, na aambiwe na waliomlea. Na kuna hatari nyingine isiyohusu hisia: kijana asiyejua asili yake anaweza kumuoa dada yake. Huko Mbulu na Hanang, ambako mama alirudi kwao akaolewa na kuzaa wengine kilima cha pili, na visiwani kwetu ambako sote ni jamaa, jambo hili si la kufikirika tu.

Maharimu, ziwa na wali wa ndoa

Mtoto wa kulea akishabaleghe si maharimu wa aliyemlea, ila kama kuna udugu wa damu au wa kunyonya. Njia ya sheria ya kulitatua ni ziwa. Kwa Shafi, mtoto akinyonya mara tano zilizo mbalimbali kabla ya kutimiza miaka miwili, anakuwa mtoto wa yule aliyemnyonyesha, na mume mwenye maziwa hayo anakuwa baba yake wa kunyonya. Kama mke wa nyumba hana maziwa, mtoto wa kike anaweza kunyonyeshwa na dada wa mume, mume akawa mjomba wake, na mtoto wa kiume akanyonyeshwa na dada wa mke, mke akawa khaloo wake. Ni jambo jepesi likifanywa mapema. Umri ukipita halina nafasi tena. Kisa cha Salim, aliyelelewa na Abu Hudhayfa, ambaye aliruhusiwa anyonyeshwe akiwa mkubwa, wanavyuoni wengi wanakiona kuwa ni ruhusa yake yeye peke yake, na hivyo ndivyo walivyokifahamu wake wengi wa Mtume (SAW). Tunalitaja kwa sababu watu hulileta kama hoja.

Ziwa linaleta umaharimu, lakini halileti urithi wala uwali. Na hapa ndipo nyumba nyingi hujikuta na mashaka siku ya harusi: binti wa kulea anaozeshwa na baba mlezi aliyejitangaza kuwa wali, naye si wali. Binti asiyekuwa na baba wa kisheria wala jamaa wa kiume wa upande wa baba, wali wake ni Kadhi. Hakuna kinachozuia Kadhi kumwakilisha baba mlezi aozeshe kwa niaba yake, kwa hiyo heshima ya mzee wa nyumba inabaki. Aende tu ofisini akaeleze kabla ya siku yenyewe.

Mama anapotokea

Kwanza kuthibitisha. Mama anaweza kuja kwa kumbukumbu ya alama ya mwili, kwa mkunga aliyekuwepo, au kwa watu wa familia. Palipo na shaka, kipimo cha vinasaba hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa utaratibu wa sheria ya mwaka 2009, na si kwa kutuma nywele kwa mtu. Kwa upande wa mama hatuoni kipingamizi cha kukitegemea, kwa kuwa nasabu ya mama inafuata uzazi wenyewe.

Pili, kama mtoto bado mdogo, nani akae naye? Asili ya malezi ni ya mama mpaka mtoto apambanue mambo, kiasi cha miaka saba, kisha kwa Shafi huchaguzishwa. Mama aliyeiachia haki hiyo kwa hiari akiirudia, inamrudia. Lakini zipo sharti, na mojawapo ni kwamba mlezi wa mtoto Muislamu awe Muislamu. Kisha ipo sheria ya nchi. Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, amri ya mahakama ya kuasili huondoa haki za mzazi wa mwanzo na kuzipeleka kwa aliyeasili. Zanzibar, Sheria ya Mtoto namba 6 ya mwaka 2011 imeitambua kafala, kama ulivyoitaja Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 katika kifungu cha 20. Kwa hiyo familia ya visiwani inayotaka kumchukua mtoto kutoka bara isikubali kupewa mtoto mkononi stendi ya mabasi. Ipitie ustawi wa jamii, iwe na maandishi, na jina la mama libaki humo. Baada ya maporomoko ya tope ya Disemba 3, 2023 pale Katesh, yaliyoua watu zaidi ya 80, watoto walibaki bila ya wazazi. Katika hali kama ile huruma ya watu huwa kubwa, na kumbukumbu za nani ni mtoto wa nani hupotea haraka sana.

Tatu, mtoto akiwa mtu mzima, haki ya mama ni wema. Haya ndiyo tunayopenda yasomwe kwa utulivu zaidi, kwa sababu mama wa Mbulu huenda ni Mkristo, na mwana huenda ni Muislamu anayeogopa. Asma bint Abi Bakr (RA) alitembelewa Madina na mama yake, Qutayla, ambaye Abu Bakr alimtaliki zamani na alikuwa bado mshirikina. Asma hakumfungulia mlango mpaka alipouliza. Mtume (SAW) akamwamrisha aunge udugu na mama yake. Na Surat Luqman aya 15 imeamrisha kukaa na wazazi kwa wema duniani hata wakiwa wanamshawishi mtoto kumshirikisha Mwenyezi Mungu, ila asiwatii katika hilo. Kwa hiyo ampokee, amtembelee, amsaidie kwa matumizi akiwa mhitaji, amuuguze akiugua. Asimhoji kwa nini alimtoa kana kwamba yeye ni hakimu. Msichana wa miaka 16 aliyefukuzwa kwao na tumbo la miezi minane hakuwa na mengi ya kuchagua.

Mirathi haipiti kati ya Muislamu na asiyekuwa Muislamu, kwa hadithi ya Usama bin Zayd. Wakiwa wote Waislamu, mama na mwana wanarithiana kama kawaida. Waliomlea hawamrithi wala hawarithi kwao, lakini wanaweza kuusia hadi theluthi ya mali, au kumpa zawadi wakiwa hai na wazima. Mzee aliyemlea mtoto miaka 30 na akafa bila ya kuusia chochote amemwacha katika mikono ya warithi, na tumeona warithi wanavyofanya.

Mama wa pili

Aliyelea naye ana haki yake, na kurudi kwa mama mzazi hakumtoi. Katika Surat Al-Qasas, aya 7 hadi 13, mama wa Nabii Musa (AS) alimtia mwanawe mtoni kwa hofu ya Firauni, na aliyemwokota na kumpenda ni mke wa Firauni. Dada mtu akafuatilia kwa mbali. Mtoto alipokataa maziwa ya kila mnyonyeshaji, ndipo mama yake akaitwa, akamnyonyesha mwanawe mwenyewe ndani ya hifadhi ya nyumba ile. Wanawake wawili waliishi na mtoto mmoja: mmoja aliyemzaa na mmoja aliyemwokoa. Mke wa Firauni ametajwa katika Surat At-Tahrim kuwa ni mfano kwa walioamini.

Basi mwana akimpata mama yake asimwite aliyemlea "yule mama". Amwite alivyozoea kumwita. Na mlezi naye asimfunge mtoto kwa kulia na kumkumbusha gharama za shule kila anapotaka kwenda kwao. Kama safari ni ya Mbulu, aende pamoja naye mara ya kwanza akiweza, waonane wenyewe, waulizane habari za mtoto alivyokuwa mdogo, kwa sababu kila mmoja ana nusu ya habari hizo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.